Duara Juu ya Bahari

Mwezi Juni 2016 bahari ilitupa kipande cha bawa la ndege katika kisiwa cha Pemba. Nilikuwa Dar es Salaam nikisahihisha mitihani habari ilipoanza kuenea, na mtu wa kwanza kunipigia simu kuhusu jambo hilo hakuwa mwandishi wa habari wala mwanafunzi wangu. Alikuwa mkaza mjomba wangu, ambaye kwa kawaida hunipigia siku za Idi tu.

"Hilo bawa limetoka wapi, mwanangu?"

Nikamweleza kuwa inadhaniwa ni la ile ndege ya Malaysia iliyopotea miaka miwili iliyopita, na kwamba ndege yenyewe huenda ilianguka upande wa pili kabisa wa Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia.

"Na watajuaje kuwa ni la ndege hiyo, si la nyingine?"

Nikasema kila kipande cha ndege kina namba, na namba hizo zimeandikwa katika madaftari ya kiwandani. Akanyamaza kidogo.

"Basi na ubao wa chombo cha mjomba wako, ukitupwa huko kwa watu, watajuaje?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno ya kufariji, ambayo yeye aliyapokea kwa adabu kama wapokeavyo watu waliokwisha kufarijiwa mara nyingi, tukaagana. Makala haya ni jibu lililochelewa, na nimeyaandika kwa sababu katika kulitafuta nimejifunza jambo ambalo nadhani linawahusu wote wanaosoma ukurasa huu, hasa wale wenye dhamana ya ofisi.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa ngalawa kaskazini ya Pemba. Katika msimu wa kusi wa mwaka 2013 alitoka alfajiri na kijana mmoja wa kufua maji, wakawa hawakurudi. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe aliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuivaa shingoni. Mchana mkewe alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Jioni alipiga tena, ikaita tena bila kupokelewa. Usiku wa manane alipopiga alijibiwa na ile sauti ya kike tunayoijua wote, kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Wavuvi wenzake walitoka siku tatu mfululizo kumtafuta kwa mafuta waliyochangishana. Kwa kuwa wakati wa kusi mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini kwa nguvu, ndugu walipiga simu Vanga, wakapiga Shimoni, wakapiga hadi Lamu. Hakuna aliyeona kitu. Sheha aliandika barua, na barua ikapelekwa panapohusika. Huko waliulizwa namba ya usajili wa chombo. Ngalawa ile ilichongwa na babu. Haikuwa na namba, ilikuwa na jina.

Miezi minane baadaye, tarehe 8 Machi 2014, ndege aina ya Boeing 777 iliruka kutoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku ikielekea Beijing, ikiwa na watu 239. Saa 7:19 rubani aliaga kituo cha kuongozea ndege cha Malaysia. Dakika chache baadaye kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada kikanyamaza. Rada ya kijeshi, ambayo haingoji kujibiwa bali hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi wake, iliendelea kuiona ikigeuka na kurudi magharibi, hadi saa 8:22 ilipotoka nje ya upeo wake. Baada ya hapo hapakuwa na sauti, hapakuwa na ujumbe, hapakuwa na picha.

Nilikuwa nimeyasoma hayo kama mtu mwingine yeyote asomavyo magazeti. Ni baada ya swali la mkaza mjomba ndipo nilipokwenda kubisha hodi kwa mwenzangu mmoja wa uhandisi wa mawasiliano, ambaye ofisi yake ina waya nyingi kuliko vitabu, nikamwomba anieleze kwa lugha ya mtu wa sayansi ya siasa: walijuaje pa kutafuta? Alikubali kwa sharti kwamba nisimkatize kwa maswali ya falsafa. Nilijitahidi.

Ndege ile, alinieleza, ilikuwa na chombo cha kuwasiliana na setilaiti ya kampuni ya Inmarsat iliyoning'inia juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka usawa wa bahari. Mawasiliano yenyewe yalikuwa yamekatika, lakini chombo kilikuwa hai. Mfumo wa aina hiyo ukikaa saa nzima bila kusikia chochote huuliza, kwa lugha yake ya mawimbi, "Upo?" Na chombo cha ndege hujibu, "Nipo." Hakisemi kipo wapi. Hakisemi kina nini. Kinasema kipo, basi. Usiku ule chombo kilijiunga upya na mtandao saa 8:25, kisha kikajibu kila kilipoulizwa hadi asubuhi. Saa 2:19 asubuhi kilituma salamu yake ya mwisho. Kilipoulizwa tena baada ya saa nzima hakikujibu.

Katikati ya salamu hizo kulikuwa na jambo ambalo lilinifanya niombe glasi ya maji. Mara mbili, saa 8:39 usiku na saa 1:13 asubuhi, watu walioko ardhini walijaribu kuipigia ndege simu kwa njia ya setilaiti. Simu iliita, haikupokelewa. Lakini ili simu iite, lazima mawimbi yaende na kurudi, na mawimbi yaliyokwenda na kurudi yaliacha alama katika kumbukumbu za kituo cha ardhini kule Perth. Sisi tuliokulia katika zama za kubipu tunalielewa hili bila hisabati: simu isiyopokelewa nayo ni ujumbe. Wahandisi walizitumia simu hizo mbili zisizopokelewa kama ushahidi.

Kazi yao iliwezekana kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni muda. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukipima kwa makini sana muda kati ya swali na jibu, ukaondoa muda ambao kifaa chenyewe huchukua kabla ya kujibu, unapata umbali kati ya setilaiti na ndege. Umbali huo hauonyeshi nukta, unaonyesha duara: ndege inaweza kuwa popote juu ya mstari huo wa mviringo uliochorwa juu ya uso wa dunia. Kila "nipo" ilikuwa duara moja, na usahihi wake ulikuwa wa kilomita kumi hivi. Duara la mwisho, la saa 2:19, ndilo lililokuja kuitwa tao la saba.

La pili ni sauti, kama naruhusiwa kuyaita mawimbi sauti. Honi ya basi linalokujia kwa kasi husikika nyembamba, na likishakupita husikika nzito. Vivyo hivyo masafa ya mawimbi ya kitu kinachosogea hubadilika kidogo, na badiliko hilo husema kama kitu kinakuja au kinakwenda. Sasa, kama setilaiti ingekuwa imetulia kabisa juu ya ikweta, njia ya kaskazini na njia ya kusini zingetoa badiliko lile lile, na wachunguzi wangebaki na bara zima la Asia upande mmoja na bahari tupu upande wa pili. Lakini setilaiti ile ilikuwa mzee. Ilirushwa mwaka 1996, na njia yake ilikuwa imeinama kiasi kwa sababu mafuta ya kuinyoosha yalikuwa yakibaniwa. Kuyumba huko kidogo ndiko kulikotofautisha kusini na kaskazini. Mwenzangu alilisimulia jambo hilo kwa furaha ya wazi, na mimi, ambaye miaka yote nimefundisha kwamba mifumo huanguka kwa kasoro zake, nilikaa kimya kama tulivyopatana.

Tarehe 24 Machi 2014 Waziri Mkuu wa Malaysia alitangaza kwamba safari ile iliishia kusini ya Bahari ya Hindi. Hapakuwa na kipande kimoja cha ndege mkononi siku hiyo. Palikuwa na namba chache tu katika daftari la mashine.

Nikamuuliza mwenzangu: je, namba hizo huhifadhiwa siku zote? Akasema hilo ndilo swali la kwanza la maana nililouliza tangu niingie. Zamani kituo hakikuwa kikihifadhi kipimo kile cha muda. Mwaka 2009 ndege ya Air France ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ikachukua karibu miaka miwili kuipata sakafuni. Baada ya msiba huo waliona ni vyema kuanza kukiandika kipimo hicho, kwa hesabu kwamba huenda siku moja kikafaa. Yaani tao la saba lilichorwa kwa kalamu ya maiti wa msiba mwingine, na kwa sababu kuna mtu ofisini aliyeamua kwamba taarifa isiyo na kazi leo isifutwe.

Nilikuwa nimesimama tayari kuondoka alipoongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba simu za mkononi nazo hufanya vivyo hivyo.

Nikakaa tena.

Simu ya vitufe inapowasiliana na mnara, alisema, mnara hulazimika kujua simu iko umbali gani, kwa sababu simu nyingi hupokezana mawimbi yale yale kwa zamu na kila moja ni lazima izungumze kwa wakati wake hasa. Kwa hiyo mnara hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha huiagiza simu iwahi kuzungumza kwa kiasi fulani. Kipimo hicho huenda kwa hatua, na kila hatua ni mita 550 hivi. Ukikijua, unaweza kuchora duara kuuzunguka mnara, na kwa kuwa antena ya mnara imegawanywa kwa pande, duara hilo hubaki kipande. Baharini, kwa mnara wa pwani, hufika hadi kilomita 35. Ni hisabati ile ile ya tao la saba, ila duara la simu huwa na unene wa nusu kilomita, ilhali lile la ndege lilikuwa na kosa la kilomita kumi.

Simu ya mjomba wangu iliita mchana. Iliita jioni. Kila ilipoita, mnara ulikuwa umeipata, umepima umbali wake, umeiagiza wakati wa kuzungumza. Kulikuwa na duara juu ya bahari saa nane mchana na duara jingine magharibi, na tofauti ya maduara hayo mawili ingeeleza chombo kinasukumwa wapi na kwa kasi gani. Wale vijana walioshinda siku tatu wakizunguka kwa mafuta ya mchango wangeweza kuambiwa: msiende huko, nendeni huku.

Sisemi kwamba wangempata. Bahari ya kusi haina huruma na ngalawa iliyojaa maji. Nasema hakuna aliyeuliza. Sisi familia hatukuuliza kwa sababu hatukujua kwamba kuna la kuulizwa. Na mimi, msomi wa familia, niliyepigiwa simu siku ya pili nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, nilishauri watu wawe na subira na wafuate taratibu. Ndugu mmoja aliyefika kwenye duka la kampuni ya simu siku ya nne aliambiwa alete barua ya polisi. Polisi waliomba barua ya sheha. Ya sheha ilikuwepo, lakini ilikuwa ya jambo jingine. Sitaji majina ya ofisi hizo, kwa sababu hakuna hata moja iliyovunja kanuni, na hapo ndipo penye uzito: kila mtu alifuata kanuni yake mpaka mwisho.

Wasomaji wangu wanaharakati watanikatiza hapa, na wana haki. Kumbukumbu zinazoweza kumpata mvuvi aliyepotea ndizo zinazoweza kumpata mwandishi aliyejificha. Nimekaa katika mahakama za wazi nikisikiliza shahidi akisoma orodha ya minara ambayo simu ya mshtakiwa ilipita, siku kwa siku, saa kwa saa. Sitaki dola ipewe njia fupi zaidi ya kufika kwenye mifuko yetu. Lakini mahakamani pale nilijifunza kwamba kumbukumbu zipo, na kwamba zina mlango. Mlango huo unajua kufunguka kwa ajili ya kumshtaki mtu. Kwa nini usijue kufunguka, kwa saa arubaini na nane tu na kwa ombi la ndugu zake wa damu, kwa ajili ya kumwokoa? Hilo ni swali la kutunga kanuni, na kanuni hutungwa na watu ambao baadhi yao, najua, husoma makala haya wakati wa chakula cha mchana.

Nirudi kwa mwenzangu, kwa sababu kuna jambo moja zaidi aliloniambia, nami nimekuwa nikilitumia darasani tangu siku hiyo. Nilimuuliza kuhusu rada: si meli na vituo vya pwani vina rada siku hizi? Ngalawa haionekani?

Akachora kwenye karatasi mstari uliojaa meno madogo madogo, na katikati yake jino moja kubwa. Huu, akasema, ndio mwangwi unaorudi. Meno madogo ni mawimbi ya bahari yenyewe. Jino kubwa ni meli ya chuma. Mashine haiwezi kumwonyesha mtu kila jino, ingekuwa ni kumpofusha. Kwa hiyo huchorwa mstari wa kulala juu ya meno, nao huitwa kizingiti: kinachokivuka ni kitu, kisichokivuka ni kelele. Ukikishusha kizingiti, utaona vitu vingi ambavyo havipo, na mlinzi atachoka kwa kengele za uongo mpaka aache kuzisikiliza. Ukikipandisha, utaona vichache vilivyo hakika, na vingine vitapita chini.

Ngalawa ni mti. Mti huakisi mawimbi ya rada kwa uhafifu sana. Siku bahari ikiwa shwari, ngalawa inaweza kuchomoza juu ya kizingiti. Lakini mashine nyingi hujipangia kizingiti kulingana na kelele iliyopo. Bahari ikichafuka, meno madogo hukua, na kizingiti hupanda pamoja nayo. Maana yake ni kwamba chombo kidogo hupotea machoni pa rada siku ile ile ambayo kina sababu ya kutafutwa. Hata setilaiti za rada ambazo picha zake hutolewa bure, kama zile za Sentinel-1 za Ulaya, huona dunia kwa vipande vya mita kumi au ishirini; chombo cha mita sita hakijazi hata kipande kimoja.

Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba teknolojia haina upande. Huwachorea mstari ule wenye meno, kisha nawauliza: kizingiti hiki kimetoka baharini? Hakikutoka baharini. Amekiweka mtu, au mashine aliyoiagiza mtu, baada ya kupima ni kosa gani linaloweza kuvumilika zaidi: kuhangaika bure, au kutokuona. Na uamuzi huo huwa rahisi sana kwa mtu ambaye hana ndugu katika vyombo vya mti. Kuna vyuma vitatu vyembamba vinavyounganishwa kwa pembe mraba kama kona ya chumba, ambavyo vikifungwa juu ya mlingoti hurudisha mawimbi ya rada kule kule yalikotoka na kukifanya chombo kidogo kionekane kikubwa. Fundi bati yeyote wa Darajani anaweza kukitengeneza. Tangu siku ile nimeuliza katika madiko matano ya Unguja na Pemba. Nimekiona katika chombo kimoja, na mwenye chombo alidhani ni pambo alilorithi.

Turudi kwenye bawa. Baada ya kupatikana Pemba lilipelekwa Australia, na mwezi Septemba 2016 ikathibitishwa kuwa ni sehemu ya nyuma ya bawa la kulia la ndege ile. Ndani yake walikuta namba za vipande na muhuri wa tarehe, 23 Januari 2002, miezi michache kabla ya ndege kukabidhiwa kwa shirika lake. Halafu wakalisoma kama daktari asomavyo mfupa. Sehemu hiyo hushushwa rubani anapojiandaa kutua. Alama za mikwaruzo zilionyesha kuwa, kwa uwezekano mkubwa, ilikuwa bado imekunjwa ndani. Jambo hilo lilikubaliana na salamu za mwisho za saa 2:19, ambazo zilikuwa mbili, zikiachana kwa sekunde nane, na badiliko la masafa kati yake likionyesha ndege ikishuka kwa kasi inayoongezeka. Kipande kilichookotwa na watu wetu na namba zilizoandikwa na mashine kule Perth vilikuwa vikisimulia kisa kimoja.

Na bado ndege yenyewe haikupatikana. Meli ziliburura vyombo vya sona juu ya sakafu ya bahari yenye kina cha kilomita nne na zaidi, zikaichora sehemu ya ukubwa wa kilomita za mraba 120,000, zikasitisha kazi Januari 2017. Njiani zilikuta mabaki ya meli mbili za karne ya 19 ambazo hakuna aliyekuwa akizitafuta. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilichora eneo jingine la kilomita za mraba zaidi ya 112,000. Mwaka 2025 serikali ya Malaysia ilikubali tena kampuni hiyo itafute kwa masharti kwamba isipopata isilipwe, na ikipata ilipwe dola milioni 70. Sioni wivu juu ya fedha hizo. Jamaa za wale watu 239 wamelipia kila senti kwa miaka ya kutolala. Ila katika taarifa za uchunguzi kuna sentensi moja ambayo kila mtumishi wa umma angepaswa kuisoma: kifaa cha kulia chini ya maji kilichofungwa kwenye kinasa taarifa za safari betri yake ilikuwa imepitwa na wakati tangu Desemba 2012, na haikubadilishwa kwa sababu kumbukumbu za matengenezo katika kompyuta hazikusahihishwa ipasavyo. Setilaiti, sona, hisabati ya hali ya juu. Halafu karani mmoja na sehemu moja ya fomu isiyojazwa.

Katika mambo yote haya, kinachorudi mara kwa mara ni daftari. Bawa lilijulikana kwa sababu liliandikwa. Watu 239 wana majina kwa sababu waliandikwa kabla ya kupanda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi chake kwa mbali. Idadi iliyotajwa siku za mwanzo na ile iliyotolewa na tume baadaye zilipishana kwa mamia mengi, kwa maana orodha ya abiria haikuwa na abiria wote. Meli ile iliko kunajulikana. Hakuna sona inayohitajika kuitafuta. Kilichopotea ni watu wenyewe, na walianza kupotea bandarini, pale mtu alipopokelewa nauli bila jina lake kuandikwa.

Mwaka huu nilikwenda Pemba kwa arusi. Katika diko letu bwana diko sasa ana daftari la vyombo vinavyotoka alfajiri: jina la nahodha, idadi ya watu, namba ya simu. Hakuagizwa na mtu. Alilianzisha mwenyewe baada ya msiba wetu, kwa daftari la shule lenye mistari, na huandika samaki upande mmoja na watu upande wa pili. Kurasa za samaki huchukuliwa kila mwezi na kupelekwa mjini. Kurasa za watu, aliniambia, hakuna aliyewahi kuziomba.

Nilimweleza mkaza mjomba habari za mnara na maduara, polepole, nikiogopa. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Aliniuliza kama duara lile bado lipo mahali fulani limeandikwa. Nikasema, baada ya miaka yote hii, silidhani. Akatikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kwa muda mrefu aliendelea kuipiga namba ile, kila Ijumaa baada ya alasiri, asikie yule mwanamke akisema hapatikani. Hadi Ijumaa moja ikaita. Ikapokelewa. Namba ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, kijana wa Mwanza, ambaye alisema "halo" mara tatu.

"Nikamwambia samahani mwanangu, nimekosea namba," alisema, akaendelea na mchele wake.